Hati ya Deseret: Jaribio la Wamormoni la Kuandika Kiingereza kwa Herufi Mpya

Katika makala haya nakusudia kueleza habari za hati iliyobuniwa katika bonde la Salt Lake, magharibi ya Marekani, mnamo mwaka 1853 na mwanzo wa 1854, ili itumike kuandika Kiingereza badala ya herufi za Kirumi. Hati hiyo huitwa hati ya Deseret. Walioibuni ni watu wa dini ijulikanayo na wengi kwa jina la Wamormoni, na haiwezekani kuieleza hati yao bila ya kueleza kwanza, japo kwa ufupi, wao ni watu gani, waliamini nini, na kwa nini jambo la maandishi lilikuwa na uzito kwao kuliko kwa jirani zao.

Yafaa niseme mapema kwamba mimi si mfuasi wa dini hiyo, wala sikusudii kuitetea wala kuitia ila. Nilikutana na habari hizi nilipokuwa nikisomea shahada ya udaktari huko Marekani, nikapanga chumba mjini Salt Lake City kwa miezi michache katika nyumba ya bibi mmoja mjane, Mmormoni wa ukoo wa zamani. Bibi huyo alikuwa na daftari aliloachiwa na wazee wake, na hakuna mtu katika jamaa yake aliyeweza kulisoma. Habari za daftari hilo nitazitaja mahali pake.

Chanzo cha watu hawa

Joseph Smith alizaliwa mwaka 1805 katika jimbo la Vermont, mtoto wa wakulima wasio na mali. Alisema kwamba malaika alimwonyesha mabamba ya dhahabu yaliyofukiwa kilimani, karibu na kwao katika jimbo la New York, na ya kwamba juu ya mabamba hayo paliandikwa habari za watu wa kale wa bara la Amerika, kwa hati iliyoitwa Kimisri kilichogeuzwa. Alisema kwamba aliifasiri kwa uwezo wa Mungu, yeye akitamka na karani akiandika. Mwezi Machi 1830 kikatoka chapani mjini Palmyra kitabu kiitwacho Kitabu cha Mormoni, nakala 5,000, na tarehe 6 Aprili ya mwaka ule ule Kanisa lake likaundwa. Jina la Wamormoni limetokana na kitabu hicho. Wenyewe hujiita Watakatifu wa Siku za Mwisho, na tangu mwaka 2018 wakuu wao wamewahimiza watu walitaje Kanisa kwa jina lake kamili, waache lile la mkato.

Waumini wasadiki kwamba kitabu hicho ni maandiko ya kale yaliyofasiriwa. Wataalamu wa historia na wa mambo ya kale walio nje ya Kanisa hawakuona ushahidi wa watu waliotajwa humo, na wengi wao wakihesabu kitabu hicho kuwa ni kazi ya karne ya 19. Ugomvi huo si kazi yetu hapa. Litoshalo kwa mwanafunzi wa lugha ni kwamba dini hii ilianza kwa mambo ya maandishi: mabamba, hati ngeni, mfasiri na karani. Mwaka 1828, kabla kitabu hakijachapwa, rafiki yake Smith aliyeitwa Martin Harris alichukua karatasi yenye nakala za herufi hizo akamwendea Charles Anthon, mwalimu wa Kiyunani na Kilatini mjini New York, ili aitazame. Na wawili hao baadaye walitoa habari zenye kupingana juu ya yaliyosemwa siku ile. Tena mwaka 1836, mjini Kirtland katika jimbo la Ohio, Smith na wazee wa Kanisa walikaa darasani kama watoto wa shule, wakijifunza Kiebrania kwa mwalimu Joshua Seixas. Fauka ya hayo, siku ile ile Kanisa lilipoundwa ilitolewa amri kwamba kumbukumbu ziwekwe; na watu hawa waliishika amri hiyo kwa bidii isiyo ya kawaida. Wakulima, mafundi na wanawake wa nyumbani waliandika habari zao kila siku, hata njiani, hata katika njaa.

Jirani zao hawakuwapenda. Sababu zilikuwa nyingi: nguvu zao katika uchaguzi, biashara na ardhi, na ndoa ya wake wengi, ambayo ilikuwa siri kwanza, ikatangazwa hadharani mwaka 1852, na kukomeshwa kwa tangazo la Kanisa mwaka 1890. Walifukuzwa katika jimbo la Missouri, wakajenga mji wa Nauvoo katika jimbo la Illinois. Na tarehe 27 Juni 1844 kundi la watu wenye silaha lilimwua Smith pamoja na nduguye Hyrum wakiwa gerezani mjini Carthage. Uongozi ukamwangukia Brigham Young, aliyekuwa fundi seremala, naye akawatoa watu wake mpaka bonde la Salt Lake, akafika huko mwezi Julai 1847.

Mwaka 1849 waliomba nchi yao ikubaliwe kuwa jimbo la Marekani kwa jina la Deseret. Neno hilo limo katika Kitabu cha Mormoni, na hufasiriwa humo kuwa ni nyuki. Serikali haikulikubali jina hilo. Mwaka 1850 nchi ikaitwa Utah. Walakini mzinga wa nyuki umebaki kuwa alama ya Utah hata leo, na jina la Deseret likabaki katika gazeti lao, katika chuo chao kikuu, na katika hati yao.

Haja iliyoizaa hati

Wamormoni walikuwa wamewapeleka wamishenari Uingereza tangu mwaka 1837, na kuanzia mwaka 1850 wakawapeleka Denmark na nchi za jirani. Waliosilimu katika dini hiyo waliombwa wahamie Utah, na mwaka 1849 ukaanzishwa mfuko wa kuwakopesha nauli maskini wao. Basi ikawa katika kijiji kimoja utamkuta mfumaji wa nguo kutoka kaskazini ya Uingereza, mchimba makaa wa Wales ambaye Kiingereza kwake ni lugha ya pili, na mkulima wa Denmark asiyekijua kabisa. Wote hao walipaswa kuwa umma mmoja.

Kila aliyejifunza Kiingereza ukubwani ayajua matata ya maendelezo yake. Herufi moja hubeba sauti nyingi, na sauti moja huandikwa kwa njia nyingi. Tena zimo herufi zisizotamkwa kabisa. Sisi tusemao Kiswahili huyaona hayo upesi zaidi, kwa kuwa lugha yetu huandikwa kwa jinsi inavyosemwa. Mathalan, sauti ya kwanza katika neno thelathini na sauti ya kwanza katika neno dhahabu sisi twazitenga katika maandishi. Kiingereza kinazo sauti hizo mbili, lakini huziandika kwa namna moja, na mgeni hana budi kuzikariri neno kwa neno. Brigham Young, ambaye mwenyewe alisoma shule kwa muda mfupi sana, aliyaona matata hayo kuwa ni dhuluma kwa watoto na kwa wageni, na upotevu wa karatasi na wakati.

Chuo Kikuu cha Deseret, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Utah, kilianzishwa tarehe 28 Februari 1850, na baraza la wasimamizi wake likapewa kazi ya kutengeneza maendelezo ya Kiingereza. Mwenye ujuzi kupita wote alikuwa George D. Watt, Mwingereza wa Manchester aliyebatizwa mjini Preston mwaka 1837, wa kwanza kubatizwa na Wamormoni katika nchi ya Uingereza. Watt alijifunza hatimkato ya Isaac Pitman, ndiyo aliyoitumia kunakili hotuba za wakuu wa Kanisa. Pitman naye alikuwa ametunga herufi za chapa za kuandika Kiingereza kwa kufuata sauti, nyingi zikiwa za Kirumi au za mfano wake, na baraza lilikaribia kuzikubali. Ndipo Willard Richards, mmoja wa wakuu, alipoonyeshwa karatasi ile akaikataa kwa nguvu, akataka herufi mpya kabisa zisizochanganyika na za zamani. Neno lake likashinda. Mwezi Januari 1854 hati mpya ikatangazwa.

Sura ya hati yenyewe

Hati ya Deseret ilitangazwa ikiwa na herufi 38: irabu ndefu sita, irabu fupi sita, irabu za kuunganika mbili, na konsonanti 24. Huandikwa kutoka kushoto kwenda kulia. Herufi kubwa haitofautiani na ndogo kwa umbo, ila kwa ukubwa tu, hata mwanafunzi asijifunze maumbo mawili kwa sauti moja. Kila sauti ina herufi yake: sauti ya sh, sauti ya ch, na sauti ya ng’ kama katika neno ng’ombe, kila moja ni herufi moja. Na pale ambapo jina la herufi lafanana na neno zima, herufi peke yake hutosha kuwa neno. Kwa hiyo kile kitangulizi ambacho Kiingereza hukiweka mbele ya nomino huandikwa kwa herufi moja tu ya dh. Mambo hayo mawili, ya kufupisha na ya kufuata sauti, yaonyesha wazi mkono wa mtu wa hatimkato.

Kwa kipimo cha elimu ya sauti, kazi hiyo ni nzuri, hasa tukikumbuka kwamba ilifanywa kabla ya abjadi ya kimataifa ya sauti, ambayo wanaisimu walianza kuitoa mwishoni mwa karne ya 19. Kasoro zake hata hivyo hazikosekani. Ile irabu hafifu isiyo na mkazo, ambayo katika Kiingereza hutokea mara nyingi kuliko irabu yoyote, haikupewa herufi; kila mwandishi aliiandika kwa jinsi alivyoona. Baadaye baadhi ya waandishi walitumia herufi mbili zaidi kwa irabu za kuunganika, zikawa 40. Kasoro nyingine ni ya macho. Herufi za Kirumi zina mikia ishukayo chini ya mstari na vichwa vipandavyo juu yake, na msomaji mzoefu hulitambua neno kwa umbo lake lote. Herufi za Deseret karibu zote zina kimo kimoja, na ukurasa wake ni kama ukuta wa matofali: jicho halioni pa kushika.

Maisha mafupi ya hati

Ilichukua muda kabla ya hati kuchapwa. Herufi za chapa zilisubiwa mjini St. Louis, mwaka 1857 serikali ya Marekani ikapeleka jeshi Utah, na mambo yakavurugika. Kuanzia mwaka 1859 gazeti la Deseret News lilichapa vipande vya hati hiyo, hasa maneno ya Biblia. Mwaka 1860 ikapigwa sarafu ya dhahabu ya dola tano yenye maneno ya utakatifu kwa Bwana katika herufi hizo. Kisha pakawa kimya, mpaka Orson Pratt, mtu wa hesabu na elimu ya nyota, alipopewa kazi ya kuandika vitabu upya kwa herufi za Deseret. Vikachapwa New York vitabu viwili vya kufundishia kusoma mwaka 1868, nakala 10,000 kila kimoja. Na mwaka 1869 sehemu ya kwanza ya Kitabu cha Mormoni nakala 8,000, na kitabu kizima nakala 500. Hivyo ndivyo vitabu vyote vilivyochapwa kwa hati hiyo wakati wa uhai wa Brigham Young: vinne tu.

Mwezi Mei 1869 reli ilikamilika kuunganisha mashariki na magharibi ya Marekani, mahali paitwapo Promontory, ndani ya Utah. Vitabu vya Kiingereza vya kawaida vikaingia kwa wingi na kwa bei nafuu. Katika miaka iliyofuata wakuu wenyewe waliacha herufi za Deseret wakarudi kuzitazama zile za Pitman, na mwaka 1877 Orson Pratt alitumwa Uingereza kusimamia uchapaji wa namna hiyo. Tarehe 29 Agosti 1877 Brigham Young akafariki. Pratt akaitwa arudi, na jambo lote likaisha.

Wapo waandishi wanaosema kwamba nia ya hati hii ilikuwa kuficha siri za Wamormoni machoni pa watu wa nje. Sidhani kwamba hoja hiyo yasimama. Mtu afichaye hatangazi ufunguo wa siri yake. Nao waliichapa orodha ya herufi pamoja na sauti zake gazetini na katika vitabu vya watoto. Lakini si kweli pia kusema kwamba ilikuwa ni kazi ya mafunzo tu. Ingekuwa hivyo, herufi za Pitman zingetosha. Kule kutaka herufi mpya kabisa ni alama ya watu waliotoka, waliotaka kila kitu chao kiwe kipya: nchi, sheria, ndoa, na hata umbo la herufi. Hati ilikuwa ukuta wa heshima kuliko ukuta wa siri.

Hati hii iliacha faida moja ambayo wabunifu wake hawakuitazamia. Katika majira ya baridi ya 1859 na 1860, mmishenari Marion J. Shelton alikaa Oraibi, kijiji cha Wahopi katika Arizona ya leo, akitaka kuwafundisha wenyeji kuandika lugha yao kwa herufi za Deseret. Hakufanikiwa. Lakini aliandika orodha ya maneno ya Kihopi kwa herufi hizo, na orodha hiyo ilikaa katika makumbusho ya maandiko ya Kanisa muda mrefu bila ya kusomwa, mpaka wataalamu wawili, Kenneth Beesley na Dirk Elzinga, walipoisoma na kuitoa katika kitabu mwaka 2015. Leo ni ushahidi wa thamani wa Kihopi cha karne ya 19. Hati iliyoshindwa katika Kiingereza ikaitumikia lugha nyingine.

Daftari la bibi

Sasa nirudi kwa bibi mwenye nyumba yangu. Daftari alilokuwa nalo liliandikwa na baba wa babu yake, mfumaji wa nguo kutoka kaskazini ya Uingereza, katika miaka ya 1860. Watoto wake walijua tu kwamba ni daftari la baba. Wajukuu walilihifadhi kwa heshima, wala hakuna aliyelifungua ila kwa kutazama. Bibi alipojua kwamba kazi yangu ni lugha, aliliweka mezani baada ya chakula, akasema, “Wewe si wa kwetu, lakini labda wewe utaweza.”

Kujifunza herufi zile hakukunichukua hata siku tatu. Kusoma daftari zima kulinichukua majuma mawili, jioni kwa jioni. Yaliyokuwamo hayakuwa makubwa: mvua, bei ya unga, mtaro wa maji uliobomoka, mkutano wa Jumapili, na mtoto wa kike aliyefariki kwa homa akiwa na miaka minne, ambaye jina lake halikuwamo katika nasaba ya jamaa ile.

Hapo msomaji asiyewajua Wamormoni yafaa aelezwe jambo. Katika imani yao watu wa ukoo mmoja waweza kuunganishwa milele, na walio hai hubatizwa kwa niaba ya jamaa zao waliokufa. Kwa sababu hiyo hutafuta majina ya wazee wao kwa bidii kubwa. Chama chao cha nasaba kiliundwa mwaka 1894, na katika miaka ya 1960 walichonga ghala ndani ya mlima wa mawe karibu na Salt Lake City, wakaweka humo picha ndogo za kumbukumbu za vizazi na vifo kutoka nchi nyingi za dunia. Watu waliokusanya majina ya wafu wa dunia nzima, na kumbe jina la mtoto wa nyumbani lilikuwa kabatini mwao miaka zaidi ya mia na arobaini, katika hati waliyoitunga wenyewe na kuisahau. Bibi alilia, nami sikuwa na la kusema.

Lakini jambo la pili ndilo lililonishika mimi kwa kazi yangu. Yule mzee aliandika kwa kufuata sauti, basi aliandika sauti zake mwenyewe. Neno la Kiingereza lenye maana ya kikombe aliliandika kwa irabu ile ile aliyoitumia katika neno lenye maana ya kuweka, kama wasemavyo watu wa kaskazini ya Uingereza hata sasa. Na neno la nyumba mara nyingi aliliandika bila ya h. Hakuna aliyemsahihisha, kwa kuwa hapakuwa na kamusi ya hati ile. Nilipomsomea bibi kurasa hizo kwa sauti, nikitamka kama zilivyoandikwa, aliniomba nirudie. Alisema kwamba majina ya wazee wake anayo mengi, lakini hajapata kumsikia hata mmoja akisema.

Sitaficha kwamba ukaaji wangu katika jamii ile ulikuwa na uzito wake. Mwaka 1852 Brigham Young, huyo huyo mpenda watoto na wageni katika jambo la herufi, alitangaza kwamba watu weusi wasipewe ukuhani, na katazo hilo lilidumu mpaka Juni 1978. Bibi alilitaja mwenyewe kabla sijaliuliza, akasema kwamba alikuwa mtu mzima siku lilipoondolewa na ya kwamba alifurahi, wala hakunieleza sababu ya katazo kwa kuwa hakuwa nayo. Leo Kanisa hilo lina zaidi ya waumini milioni 17, na Waafrika ni wengi miongoni mwao. Hapa Afrika Mashariki Kitabu cha Mormoni husomwa kwa Kiswahili, na msamiati wao umeanza kuwa na sura yake: mkusanyiko wa makanisa ya mahali pamoja huitwa kigingi, neno lililotolewa katika mfano wa hema wa nabii Isaya, nalo kwa Kiswahili limekaa vizuri, maana kila mwenye kupiga hema akijua kigingi.

Mafunzo kwetu

Ulinganisho huja wenyewe. Mwaka 1850, Chuo Kikuu cha Deseret kilipoanzishwa, ndio mwaka ambao Krapf alitoa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili; na mwaka 1870, mwaka mmoja baada ya Kitabu cha Mormoni kuchapwa kwa herufi za Deseret, ndipo kilipotoka kitabu cha Steere kilichotungwa Unguja. Huko watu walikuwa wakijaribu kuziacha herufi za Kirumi, na huku watu walikuwa wakizileta. Zile za huko zilishindwa, na hizi za huku zikashinda, hata mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 na Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 zilipokuja kusanifisha Kiswahili, herufi za Kirumi hazikuwa na mshindani katika shule.

Lakini kabla ya hapo Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa, na kwa kipimo cha sauti hati hiyo ilikuwa na upungufu kuliko ile ya Deseret. Katika desturi yake ya zamani haikutenga e na i, wala o na u, na aghalabu p iliandikwa kwa herufi ya b. Mafundi kama Mwalimu Sikujua wa Mombasa waliongeza alama za kuzitenga sauti za Kimvita ambazo hata herufi zetu za leo hazizitengi. Maana na sisi twaandika paa la nyumba na paa wa mwituni kwa namna moja, ingawa yule wa mwituni hutamkwa kwa pumzi. Hata hivyo hati ile pungufu iliishi karne nyingi, na ile kamilifu haikutimiza miaka thelathini.

Sababu si ngumu kuiona. Hati ya Kiarabu ilikuwa na mahali pa kujifunzia, ndicho chuo cha Kurani. Ilikuwa na kazi, ndizo barua, hesabu na hati za mashamba. Na ilikuwa na vitu vya kusomwa, ndizo tenzi. Msomaji alizijaza sauti pungufu kwa kuijua lugha. Hati ya Deseret ilikuwa na baraza na vitabu vinne. Kwa hiyo nadhani twaweza kusema kwamba hati haiishi kwa ukamilifu wa herufi zake, bali kwa wingi wa mambo ambayo mtu hawezi kuyafanya bila ya kuijua. Wale wapendekezao mageuzi ya maendelezo katika lugha zetu wangefaa kuliuliza swali hilo kwanza, kabla ya kuhesabu fonimu.

Na hati ikifa, haifi peke yake. Nilipotoka Marekani nilimkuta mama yangu na kasha la barua za babu, zilizoandikwa kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mimi, mwenye shahada ya udaktari katika lugha, niliyemsomea mjane wa Utah daftari la wazee wake, sikuweza kuzisoma. Kurani nilifundishwa utotoni. Lakini kusoma Kiswahili kisicho na irabu kamili, katika mwandiko wa haraka wa mfanya biashara, ni elimu mbali, na hakuna aliyenifundisha. Ilinipasa nikae kwa mzee mmoja wa mtaani muda wa mwaka mmoja. Nilipoanza kuzifahamu niliyaona yale yale ya daftari la Deseret: bei ya nazi, mvua, deni, mgonjwa.

Hati ya Deseret imepata bahati yake. Mwaka 2001 iliingizwa katika mpango wa Yunikodi, hata kompyuta yoyote yaweza kuiandika, na wapo vijana wanaojifunza kwa kupenda tu. Barua zetu zimo makashani, katika majumba ya pwani yenye chumvi na mchwa, na wazee wawezao kuzisoma hupungua kila mwaka. Vyuo vyetu vinavyofundisha Kiswahili havina budi kumtaka kila mwanafunzi wa shahada aweze kusoma ukurasa mmoja wa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, si kwa ajili ya kuirudisha hati hiyo shuleni, bali kwa ajili ya kujua yaliyosemwa. Bibi wa Salt Lake City alipata mgeni wa kumsomea. Sisi hatuna haki ya kumngojea mgeni.

Haya ndiyo niliyoyaona, na wenye ujuzi zaidi wa mambo ya Wamormoni au wa hati za pwani watayasahihisha palipo na kosa.